SARATANI YA DAMU INAYORUDI: KIDONGE CHA KILA SIKU NI LINDO LISILOACHWA

Wako wagonjwa wanaofika katika hospitali zetu wakiwa na tumbo lililojaa upande wa kushoto, mwili uliokonda na jasho jingi la usiku. Aghalabu hudhaniwa kuwa ni malaria iliyokawia, na wengine huwa wamekwisha kumeza dawa za malaria mara mbili au tatu bila ya kupata nafuu. Damu inapopimwa ndipo huonekana kwamba chembe nyeupe, ambazo kwa mtu mzima mwenye afya huwa kati ya 4,000 na 11,000 katika milimita moja ya ujazo wa damu, zimepanda hata kupita 100,000. Maradhi hayo ni saratani ya damu ya aina inayokwenda polepole, nayo madaktari huiita lukemia sugu ya mieloidi.

Haya ni maradhi adimu. Katika kila watu 100,000 huwapata mmoja au wawili kwa mwaka. Msomaji ana haki ya kuuliza kwa nini basi tumeamua kuyaandikia katika ukurasa unaosomwa na wanajeshi na polisi. Tunazo sababu tatu. Ya kwanza ni kwamba huko Ulaya wagonjwa wengi huwa na umri wa miaka 60 hivi, ilhali katika nchi zetu za Afrika wengi wao wako katika miaka ya thelathini na arobaini, yaani umri wa mtu aliye kazini na mwenye watoto wa kulea. Ya pili ni kwamba maradhi haya yana tiba ya kidonge, na matokeo ya tiba hiyo yamefuatiliwa kwa zaidi ya miaka 20. Ya tatu, nayo ndiyo kubwa, ni kwamba ugonjwa huu huweza kurudi baada ya kutulia, na mara nyingi hurudi kwa sababu ambayo mgonjwa mwenyewe angeweza kuizuia.

UGONJWA WENYEWE

Damu hutengenezwa ndani ya mifupa, katika uboho. Huko huzaliwa chembe nyekundu zinazobeba hewa, chembe sahani zinazogandisha damu mtu anapojeruhiwa, na chembe nyeupe ambazo ndizo walinzi wa mwili. Katika ugonjwa huu, chembe moja ya uboho hupatwa na hitilafu: vipande vya kromosomu mbili, ile ya 9 na ile ya 22, hukatika na kubadilishana mahali. Kutokana na mabadilishano hayo huzaliwa amri mpya isiyokuwako, iitwayo BCR-ABL, nayo hutengeneza kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuiambia chembe ile izae bila kukoma. Chembe nyeupe huongezeka, huujaza uboho, kisha huijaza bandama hata ikavimba chini ya mbavu za kushoto.

Hitilafu hii mtu harithi kwa wazazi wake, wala hamwambukizi mwenziwe. Mke hampi mume, wala askari hampi mwenziwe wanayelala naye katika bweni moja. Tunalisema jambo hili waziwazi kwa kuwa wako wagonjwa wanaoficha maradhi yao kwa hofu ya kutengwa, na mwenye kuficha ugonjwa huficha pia dawa yake, na mwenye kuficha dawa hushindwa kuimeza kwa wakati.

Ugonjwa hupita katika hatua tatu. Ya kwanza ni ya utulivu, na huweza kudumu kwa miaka kadhaa. Mgonjwa huchoka upesi lakini hufanya kazi zake. Ya pili ni ya kuharakisha. Ya tatu ni ya hatari, ambapo chembe changa zisizokomaa hufurika katika damu, na maisha ya mgonjwa huhesabiwa kwa miezi. Shabaha ya tiba yote tutakayoieleza ni moja: kumzuia mgonjwa asiivuke ile hatua ya kwanza.

SAFARI YA KUTAFUTA DAWA

Maradhi haya yalielezwa na madaktari wa Edinburgh na Berlin mwaka 1845. Katika karne ile ya 19 wagonjwa walipewa maji ya aseniki, ambayo ni sumu. Katika karne ya 20 zilikuja dawa za kupunguza chembe nyeupe. Zilimpa mgonjwa nafuu, lakini ugonjwa uliendelea chini kwa chini, na wengi walifariki katika muda wa miaka mitatu hadi mitano au sita. Njia iliyoweza kuuondoa ugonjwa ilikuwa kupandikizwa uboho wa mtu mwingine, jambo linalohitaji ndugu anayelingana naye, hospitali kubwa na fedha nyingi, na ambalo lenyewe huweza kuua.

Njia mpya ilifunguka pale chanzo kilipojulikana. Mwaka 1960 wataalamu Peter Nowell na David Hungerford waliona katika chembe za wagonjwa kromosomu ndogo isiyo ya kawaida, ikaitwa kromosomu ya Philadelphia kwa heshima ya mji walikofanyia kazi. Mwaka 1973 Bibi Janet Rowley wa Chicago alionyesha kwamba kromosomu ile ilitokana na kubadilishana vipande tulikokutaja. Kwa mara ya kwanza saratani moja ilikuwa na adui anayejulikana kwa sura na mahali pake.

Baadaye mtaalamu Nicholas Lydon na wenzake katika kampuni ya Ciba-Geigy ya Uswisi, ambayo mwaka 1996 iliungana na Sandoz na kuitwa Novartis, walitengeneza dawa ya kukizuia kimeng'enya kile peke yake. Daktari Brian Druker wa Oregon, Marekani, aliipigania ijaribiwe kwa wagonjwa, na jaribio la kwanza lilianza Juni 1998. Katika wagonjwa 54 wa hatua ya kwanza waliopewa miligramu 300 au zaidi kwa siku, damu ya wagonjwa 53 ilirudi katika hesabu za kawaida. Dawa hiyo ni imatinibu, ambayo kampuni iliiuza kwa jina la Glivec. Marekani iliiidhinisha tarehe 10 Mei 2001.

JINSI DAWA ILIVYOFIKA KWETU

Dawa njema isiyonunulika ni sawa na chakula nyuma ya kioo. Mwanzoni bei ya Glivec huko Marekani ilipita dola 20,000 kwa mwaka mmoja wa matibabu, na mgonjwa huitaji kila mwaka. Hakuna mfanyakazi wa Kigali, wala wa Nairobi au Dar es Salaam, aliyeweza kubeba mzigo huo.

Mambo matatu yalibadili hali. La kwanza, tangu mwaka 2002 kampuni ya Novartis na shirika la Max Foundation waliendesha mpango wa kuwapa dawa bila malipo wagonjwa wa nchi zenye uwezo mdogo. La pili, tarehe 1 Aprili 2013 Mahakama Kuu ya India ilikataa kuipa kampuni hiyo haki ya pekee juu ya dawa ile, na viwanda vya India vikaendelea kutengeneza imatinibu ya bei nafuu. La tatu, mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliiingiza imatinibu katika orodha ya dawa muhimu, na mwaka 2017 likaongeza dasatinibu na nilotinibu, ambazo tutazieleza mbele.

Hapa Rwanda, kituo cha saratani cha Butaro katika wilaya ya Burera, kaskazini mwa nchi, kilifunguliwa Julai 2012 kwa ushirikiano wa Wizara ya Afya, shirika la Partners In Health na hospitali ya Dana-Farber ya Boston. Miongoni mwa kazi zake ilikuwa kuwatibu wagonjwa wa lukemia hii kwa imatinibu iliyotolewa kupitia mpango tulioutaja. Ripoti ya matibabu hayo ilichapishwa mwaka 2016, nayo ilieleza matokeo ya mwanzo yenye kutia matumaini, katika hospitali iliyo vijijini, mbali na maabara kubwa za dunia. Kwa hiyo hoja kwamba tiba hii ni ya nchi tajiri peke yake ilikwisha kujibiwa na vilima vya Burera.

Katika Kigali kwenyewe, Hospitali ya Kijeshi iliyoko Kanombe ilianza mwaka 2019 kutoa tiba ya mionzi kwa saratani za aina nyingine. Lukemia tunayoizungumza haitibiwi kwa mionzi. Hutibiwa kwa kidonge. Hata hivyo tumeitaja ili askari ajue kwamba saratani si neno geni katika hospitali ya jeshi lake, na kwamba daktari wa Kanombe anaweza kumwelekeza panapostahili.

MATOKEO YA MIAKA MINGI

Tuje sasa kwenye swali ambalo kila mgonjwa huuliza: je, kidonge hiki kitanifikisha wapi?

Jaribio kubwa juu ya imatinibu lilianza mwaka 2000, likachukua wagonjwa 1,106 katika nchi 16. Nusu walipewa imatinibu, na nusu wakapewa dawa za zamani za sindano. Wengi wa kundi la pili baadaye walihamishiwa kwenye imatinibu, kwa kuwa tofauti ilionekana wazi mno. Matokeo ya miaka kumi na zaidi yalichapishwa mwaka 2017: kati ya walioanza na imatinibu, asilimia 83.3 walikuwa hai baada ya miaka 10. Tukumbuke kwamba kabla ya hapo wengi hawakumaliza miaka sita. Tena ilionekana kwamba hatari ya ugonjwa kuharakisha ilikuwa zaidi katika miaka ya mwanzo, kisha ikapungua sana kwa wale waliotulia, na madhara mapya ya kutisha hayakuzuka kwa kutumia dawa kwa muda mrefu.

Dawa hata hivyo ina usumbufu wake. Macho huvimba asubuhi, misuli hukaza, tumbo huchafuka, na wengine hutokwa na vipele. Kwa kawaida mgonjwa humeza miligramu 400 mara moja kwa siku, pamoja na chakula na glasi kubwa ya maji, na hapo kichefuchefu hupungua. Mwanamke anayetumia dawa hii hapaswi kushika mimba bila ya kushauriana kwanza na daktari, maana huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni.

KWA NINI UGONJWA HURUDI

Kutulia kwa ugonjwa si kuondoka kwake. Damu huonekana safi katika darubini, bandama hurudi mahali pake, mgonjwa hupata nguvu za kukimbia gwaride zima. Lakini ndani ya uboho zimebaki chembe chache zilizojificha. Kimeng'enya chao kimefungwa na dawa, nacho hukaa kimefungwa maadamu dawa ipo mwilini. Dawa ikikosekana, kufuli hufunguka.

Huko London, katika hospitali ya Hammersmith, madaktari walifanya uchunguzi uliochapishwa mwaka 2010. Waliwapa wagonjwa 87 chupa za dawa zenye kifaa kidogo kwenye kifuniko, kinachoandika kila mara chupa inapofunguliwa. Wagonjwa hao walikuwa wamekwisha kutumia imatinibu kwa miaka. Ilionekana kwamba wale waliomeza zaidi ya asilimia 90 ya vidonge vyao walikuwa na uwezekano wa asilimia 94.5 wa kuufikisha ugonjwa katika kiwango cha chini sana katika miaka sita. Wale waliomeza asilimia 90 au chini ya hapo walikuwa na asilimia 28.4 tu. Na kwa waliomeza asilimia 80 au pungufu, hakuna hata mmoja aliyefika.

Tuzifanye hesabu hizi kwa lugha ya kambini. Asilimia 10 ya mwezi ni siku tatu. Mgonjwa anayesahau siku tatu kila mwezi hujiona amejitahidi, maana siku 27 amemeza. Lakini siku zile tatu ndizo mlango alioupita adui. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika ugonjwa huu, ukuta wenyewe una gharama kubwa.

Sababu ya pili ni dawa nyingine kuingilia kati. Rifampisini, ambayo hutumika kutibu kifua kikuu, hulifanya ini liivunje imatinibu upesi, hata kiasi kinachobaki mwilini kisitoshe. Kwa hiyo mgonjwa wa lukemia hana budi kumtajia kila daktari, na kila muuza dawa, vidonge vyote anavyotumia, pamoja na mitishamba.

Sababu ya tatu si kosa la mgonjwa. Kimeng'enya chenyewe huweza kubadilika umbo, dawa isipate tena mahali pa kukishika. Moja ya mabadiliko hayo, liitwalo T315I, huzishinda imatinibu, dasatinibu na nilotinibu pamoja.

Ndiyo maana kupima ni nusu ya tiba. Kipimo cha BCR-ABL huonyesha ni kiasi gani cha ugonjwa kimebaki. Inatarajiwa kwamba baada ya miezi mitatu kiwe kimeshuka hadi asilimia 10 au chini, baada ya miezi sita asilimia 1, na baada ya mwaka asilimia 0.1. Kipimo kikipanda tena, ugonjwa unarudi, ingawa mgonjwa hajisikii lolote. Zipo mashine ndogo, za namna ile ile inayotumika kupimia kifua kikuu katika hospitali nyingi za Afrika ya Mashariki, ambazo zikiwekewa kikasha chake maalumu hutoa jibu hili katika saa chache.

UKIRUDI, KUNA NINI?

Mgonjwa aliyerudiwa asikate tamaa. Swali la kwanza atakaloulizwa ni kama alikuwa akimeza dawa sawasawa, na ni vema ajibu kweli tupu, maana jibu lake ndilo litakaloamua hatua inayofuata. Kumpa dawa kali zaidi mtu ambaye tatizo lake lilikuwa kusahau ni kupoteza silaha ya akiba.

Ikiwa imatinibu imeshindwa kweli, zipo dawa za pili. Dasatinibu iliidhinishwa Marekani mwaka 2006 na nilotinibu mwaka 2007. Jaribio moja liliwafuatilia kwa miaka saba wagonjwa 670 ambao imatinibu iliwashinda au hawakuweza kuivumilia. Katika wale waliomeza dasatinibu miligramu 100 mara moja kwa siku, asilimia 65 walikuwa hai baada ya miaka saba, na asilimia 42 ugonjwa wao haukuwa umesonga mbele. Hesabu hizi zaeleza mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, kurudi kwa ugonjwa si hukumu ya kifo: watu wawili katika kila watatu walivuka miaka saba. Pili, matokeo ya dawa ya pili hayafikii yale ya dawa ya kwanza iliyotumiwa vizuri. Tena kila dawa ina madhara yake. Dasatinibu huweza kujaza maji kandokando ya mapafu. Nilotinibu huweza kuudhuru moyo na mishipa.

Kwa lile badiliko la T315I kuna ponatinibu, iliyoidhinishwa mwaka 2012, ambayo ina nguvu lakini huweza kuziba mishipa ya damu, na asiminibu, iliyoidhinishwa mwaka 2021, ambayo hukishika kimeng'enya upande mwingine. Nyuma ya zote kuna kupandikizwa uboho. Kila ngazi mgonjwa anayopanda ni ghali kuliko iliyotangulia, na ni ngumu zaidi kuipata katika nchi zetu. Hii ndiyo sababu tunasema ngazi ya kwanza ilindwe kwa nguvu zote.

JE, DAWA HUACHWA?

Wako watakaouliza kama mtu aliyetulia miaka mingi anaweza kuacha. Uchunguzi wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2018 uliwaachisha dawa wagonjwa 758 ambao kwa muda mrefu ugonjwa wao ulikuwa karibu hauonekani hata kwa vipimo vikali. Baada ya miaka miwili, nusu yao walikuwa bado hawajarudiwa. Nusu nyingine walirudiwa, wengi wao katika miezi sita ya mwanzo. Lakini kwa kuwa walikuwa wakipimwa mara kwa mara, walirudishiwa dawa mapema na kwa jumla ugonjwa ulitulia tena.

Basi kuacha kunawezekana kwa baadhi ya watu, lakini ni kuacha kwa amri ya daktari, baada ya miaka mingi, na kwa kupimwa damu kila mwezi mwanzoni. Anayeacha kwa kuwa anajisikia mzima, bila kipimo, hafanani na wale hata kidogo. Yeye ni mlinzi aliyetoka lindoni kwa kuwa usiku umekuwa kimya.

WAJIBU WA ASKARI NA WAKUU WAKE

Maisha ya askari yana vikwazo vyake. Leo yuko Kigali, kesho yuko mpakani. Vikosi vya Rwanda vimepelekwa Jamhuri ya Afrika ya Kati na Sudan Kusini, na Julai 2021 wanajeshi na polisi walipelekwa Cabo Delgado huko Msumbiji. Mtu anayemeza dawa kila siku hawezi kungoja hadi siku ya kuondoka ndipo aulize dawa yake itatoka wapi.

Kwa hiyo tunashauri haya. Anayeona dalili tulizozitaja aombe hesabu kamili ya damu; ni kipimo chepesi, na hupatikana katika hospitali zetu. Aliyekwisha kuanza dawa achague saa moja ya siku isiyobadilika, aifungamanishe na chakula, na amweke mke, mume au rafiki mmoja kuwa mkumbushaji wake. Anayepewa uhamisho amwarifu daktari mapema, ili achukue dawa za kutosha na karatasi inayoeleza ugonjwa wake na kipimo cha mwisho. Bima ya matibabu ya jeshi, MMI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2005, ipo kwa ajili ya askari na jamaa zao. Aulize katika ofisi zake ni dawa zipi na vipimo vipi vinalipiwa, kabla haja haijamfikia.

Na kwa wakuu wa vikosi tunasema hivi: askari anayeomba ruhusa ya siku moja kwenda kuchukua dawa na kupimwa hatoroki kazi. Ukimnyima siku hiyo moja, huenda ukampoteza kwa miaka. Siri ya ugonjwa wake ni yake na daktari; lakini akija kukueleza, msikilize, maana amekuonyesha imani.

Miaka 25 iliyopita makala kama haya yangekuwa ya rambirambi. Leo tunawaandikia watu ambao, wakimeza kidonge chao, watastaafu kwa heshima na kuwaona wajukuu wao. Dawa imepatikana, na hesabu za miaka mingi zimethibitisha kazi yake. Iliyobaki ni ile siku ya leo, na kidonge cha leo.